Shamba liliwahama: Historia ya ardhi katika viunga vya magharibi mwa Nairobi

KAULI moja haichoki katika insha za wanafunzi, hotuba za viongozi na mijadala ya redio: vijana wametoroka mashamba wakakimbilia mjini. Kauli hiyo huja na lawama zake. Kijana huonekana mvivu, mpenda starehe, asiyetaka kuchafua mikono. Akilalamika kwamba hana kazi, jibu huwa tayari: "Si uende ushago ulime?"

Kauli hii ina ukweli wake katika sehemu nyingine za nchi. Hata hivyo, tukiipima kwa historia ya upande wa magharibi wa Nairobi, kuanzia Westlands na Kangemi, tupitie Kawangware, Riruta na Waithaka hadi Kibra na Karen, inatupotosha. Huko familia nyingi hazikutoka shambani kwenda mjini. Zilibaki palepale zilipokuwa. Shamba ndilo lililoondoka. Anayetaka ushahidi hahitaji kwenda mbali, maana upo katika maneno tunayoyatumia kila siku bila kuyatafakari: kiunga, shamba, kibarua, kipande, skwota na ploti.

Kiunga na shamba

Tuanze na kiunga. Kila wiki tunasoma magazetini kwamba tukio fulani limetokea "viungani mwa jiji la Nairobi", nasi tunaelewa kuwa ni katika mitaa ya pembezoni. Lakini kamusi za Kiswahili hulipa neno hilo maana nyingine pia: shamba la miti ya matunda, hasa lililo kando ya mji. Katika miji ya kale ya pwani, mji ulipoishia ndipo minazi na miembe ilipoanzia. Kwa wasemaji wa zamani, ukingo wa mji na bustani yake vilikuwa kitu kimoja.

Shamba nalo, katika Kiswahili cha pwani na visiwani, si eneo la kulimwa tu. Ni upande wote wa nchi ulio nje ya mji. Unguja hadi leo mtu husema "nakwenda shamba" akiwa na maana kwamba anatoka mjini. Katika karne ya 19, mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba na yale ya nafaka ya Malindi yalilimwa na watumwa, huku wengi wa wenye mali wakiwa na makao yao mjini. Si ajabu basi kwamba "mshamba" likawa tusi. Waingereza wana kisa kinachofanana na hiki. Neno lao villain, yaani mwovu, lilianzia kwa villein, mkulima wa Zama za Kati aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana wake. Mwenye kulisha mji ndiye aliyedharauliwa na mji.

Neno shamba lilipofika bara, lilikuta kilimo kilichokuwa kimestawi. Mnamo Oktoba 1890, Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Imperial British East Africa alijenga ngome Dagoretti baada ya kuelewana na Waiyaki wa Hinga. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Misafara ya kwenda Uganda ilikuwa na mamia ya wapagazi, na mbele yao kulikuwa na safari ndefu ya kuvuka Bonde la Ufa ambako chakula kilikuwa haba. Ukingo wa nchi ya Wakikuyu ulikuwa na ziada ya maharagwe, viazi vitamu, mahindi, mtama na ndizi. Uhusiano uliharibika upesi, ngome ya Dagoretti ikaachwa mwaka wa 1891, na nyingine, Fort Smith, ikajengwa Kabete. Waiyaki alikamatwa mwaka uliofuata na kufia Kibwezi akipelekwa pwani.

Jambo la kushika hapa ni kwamba miaka kadhaa kabla ya reli kufika Nairobi mnamo Mei 1899, wakulima wa Dagoretti na Kabete walikuwa wakilima kwa ajili ya kula na kwa ajili ya kuuza. Hawakuwa watu waliosubiri kufundishwa biashara ya mazao. Hata mji wenyewe ulipokuwa bado mahema na mabati ya wafanyakazi wa reli, ulihitaji mavuno yao.

Kisha yakaja mambo mawili kwa pamoja. La kwanza lilikuwa njaa kubwa ya mwishoni mwa miaka ya 1890, iliyoandamana na ugonjwa wa ndui. Watu wengi wa kusini mwa nchi ya Wakikuyu walikufa, na wengine walirudi kwa jamaa zao kaskazini hadi hali itengemae. La pili lilikuwa serikali ya kikoloni iliyoitazama ardhi ile iliyoachwa kwa muda ikaiita ardhi tupu. Chini ya sheria za ardhi za 1902 na 1915, sehemu kubwa ya Kiambu na Limuru iligawiwa walowezi. Wenyewe waliporejea walikuta mashamba ya ukoo, waliyoyaita githaka, yana majina mapya kwenye ramani.

Kibarua na kipande

Mkulima aliyenyimwa ardhi hageuki mara moja kuwa mfanyakazi wa mshahara. Ilibidi asukumwe. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka wa 1901, na kwa kuwa ililazimu kulipwa kwa fedha, kuuza nguvu za mwili kukawa njia ya pekee kwa wengi.

Lugha iliyopokea kazi hizo mpya ilitoka pwani. Kibarua, kwa maana ya awali, ni barua ndogo: karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa kuonyesha kwamba amefanya kazi na anastahili kulipwa. Polepole jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. Leo tunasema "nimepata kibarua" na pia "yeye ni kibarua", na hakuna anayekumbuka karatasi. Kwa mantiki ya lugha, mtu amegeuka kuwa risiti yake.

Kipande kina historia nzito zaidi. Sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume wa umri wa kufanya kazi alitakiwa kubeba cheti chenye alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, kikiwekwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Bila mwajiri kutia sahihi kwamba amemwachilia, mfanyakazi hakuweza kuondoka kihalali. Upinzani dhidi ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara ndio uliompa Harry Thuku wafuasi wengi, na alipokamatwa, watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi mnamo Machi 16, 1922 walifyatuliwa risasi. Miongoni mwa waliouawa ni Mary Muthoni Nyanjiru. Karne moja baadaye, wapo Wakenya ambao bado huambiana "beba kipande" wakimaanisha kitambulisho cha taifa.

Maneno haya mawili yanatueleza kwamba kazi ya mshahara haikuanza kama ndoto ya vijana waliochoka na jembe. Ilianza kwa karatasi ya kutwa na chuma cha shingoni.

Skwota

Neno la tatu lilitoka kwa Kiingereza. Mkulima aliyebaki kwenye ardhi iliyogawiwa mlowezi, au aliyehamia huko kutafuta malisho na mahali pa kulima, aliitwa skwota. Sheria ya 1918 ilimtaka afanye kazi kwa mlowezi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kulima kipande chake.

Kwa Wakikuyu, kulikuwa na neno la zamani lililokaribia hali hiyo: muhoi, yaani mtu aliyeomba mahali pa kulima kwenye ardhi ya ukoo mwingine. Tofauti ni kwamba muhoi alipewa kwa urafiki na heshima, na mpaji alikuwa jirani yake. Mnamo 1921, Jaji Mkuu Jacob Barth aliamua katika kesi ya ardhi ya Kiambu kwamba Waafrika walikuwa wapangaji wa Mfalme wa Uingereza kwa hiari ya Mfalme huyo. Kwa uamuzi mmoja, mwenye githaka na muhoi wake walikuwa wamefanywa ahoi wote wawili.

Mfano unaojulikana zaidi duniani uko Karen. Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, aliishi chini ya vilima vya Ngong kuanzia 1914 hadi 1931 akisimamia shamba la kahawa la takriban eka 6,000. Yeye mwenyewe ameandika kwamba kiasi cha eka 1,000 zilikuwa za maskwota, nao waliziita mashamba yao. Kahawa haikustawi vyema katika mwinuko ule, kampuni ikafilisika, na ardhi ikanunuliwa na Remi Martin, mfanyabiashara wa Nairobi aliyeikata vipande vya kuuzwa kwa ujenzi wa nyumba. Maskwota walitakiwa kuondoka. Baada ya kuhangaika katika ofisi za serikali, Blixen alifanikiwa kuwapatia nafasi ya kuhamia pamoja katika msitu wa hifadhi wa Dagoretti.

Hapa msomaji aangalie vizuri. Mwaka 1931, katika ukingo wa magharibi wa Nairobi, tayari shamba lilikuwa limeleta faida kubwa zaidi kwa kukatwa viwanja kuliko kwa kulimwa, na waliolilima walikuwa wamehamishwa. Yaliyotokea baadaye Kawangware na Riruta yalifuata njia hiyohiyo.

Kibra kuna kisa cha aina yake. Wanajeshi wa asili ya Sudan waliotumikia jeshi la kikoloni walipewa nafasi ya kukaa katika msitu ambao kwa Kinubi uliitwa kibra. Mnamo 1918 eneo la eka 4,197 lilitengwa rasmi kwa ajili ya jeshi. Hati iliyomruhusu mtu kukaa humo ilijulikana kama "shamba pasi". Wanubi walilima na kufuga. Lakini pasi haikuwa hatimiliki, na jinsi jiji lilivyozidi kumega ardhi ile, waliobaki walijikuta wakijenga vyumba vya kupangisha mahali palipokuwa na mahindi. Iliwachukua hadi mwaka wa 2017 kupewa hati ya ardhi ya jamii, na hati hiyo ilikuwa ya eka 288 pekee.

Kutoka gichagi hadi ploti

Miaka ya Hali ya Hatari, kuanzia Oktoba 1952, ilikata uzi mwingine. Kuanzia 1954 serikali iliwalazimisha Wakikuyu kuacha makazi yao yaliyotapakaa mashambani na kuishi katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa kwa silaha. Kijiji cha namna hiyo kiliitwa gichagi. Neno hilo ndilo linalohusishwa na "ushago" na "shags" za Sheng. Kama uhusiano huo ni sahihi, basi kijana wa leo anayesema anaenda ushago Krismasi anatumia jina la kambi ya kufungiwa kulitaja chimbuko la babu yake.

Wakati watu wamefungiwa vijijini, ardhi yao ilipimwa upya. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulikusudia kuunganisha vipande vidogo vya ardhi, kutoa hatimiliki na kuwaruhusu Waafrika kulima mazao ya kuuza, ikiwemo kahawa ambayo wakulima wa huku walikuwa wamenyimwa. Kwa wenye ardhi, ilikuwa neema. Kwa muhoi, ilikuwa mwisho, kwa sababu hatimiliki haina safu ya kuandika mtu aliyekaribishwa. Wengi walioathirika zaidi hawakuwapo hata kujitetea kwa kuwa walikuwa kizuizini.

Mnamo 1963, mwaka wa uhuru, mipaka ya Nairobi ilipanuliwa kuelekea magharibi ikazimeza Dagoretti, Riruta, Kawangware, Kangemi, Uthiru na Waithaka. Usiku mmoja mkulima wa lokesheni alilala akaamka mkazi wa jiji. Hakuhama hata hatua moja. Mzee Jomo Kenyatta alikuwa akiwahimiza wananchi warudi mashambani, ilhali hapa shamba lenyewe lilikuwa limetiwa ndani ya jiji.

Idadi ya watu Nairobi ilikuwa 509,286 katika sensa ya 1969. Katika sensa ya 2019 ilikuwa 4,397,073. Waliokuja kutafuta kazi, wengi wao kutoka magharibi ya Kenya, walihitaji pa kulala karibu na nyumba za Lavington, Kileleshwa na Westlands walikoenda kufanya kazi. Lavington yenyewe ilikuwa sehemu ya ardhi ya misheni ya St Austin's, iliyoanzishwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka wa 1899 na iliyokuwa miongoni mwa walimaji wa kwanza wa kahawa karibu na Nairobi. Mahali pa kahawa palijengwa maghorofa na nyumba za bustani. Upande wa pili, Kawangware, jina ambalo wenyeji hulihusisha na ndege aitwaye kwale, mwenye eka moja aligundua kwamba safu ya vyumba vya mabati ingemletea pesa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.

Ndipo ploti ikazaliwa. Katika Kiingereza neno hilo ni kipande cha ardhi. Katika Kiswahili cha Nairobi limekuwa jengo pamoja na watu wake. "Tunaishi ploti moja" ni kusema tunachota maji kwenye mfereji mmoja na kumlipa landilodi mmoja. Mwenye ploti hungoja tarehe tano jinsi babu yake alivyongoja masika. Watoto wake wakirithi, hugawana vyumba badala ya matuta.

Maneno yaliyobaki mjini

Ukitembea katikati ya jiji utadhani wewe ni mgeni katika nchi ya wakulima. Wizara ya Kilimo iko katika jumba liitwalo Kilimo House. Majani chai yana jumba lake Moi Avenue, na karibu na Haile Selassie kuna Coffee Plaza. Soko la Wakulima, ambalo watu wengi huliita Marikiti, limejengwa jina lake juu ya mkulima, ingawa humo aliyezoeleka ni broka, mchuuzi na mbeba mizigo. London ina Covent Garden, bustani ya watawa iliyogeuka soko la mboga, kisha mwaka wa 1974 soko likahamishwa na mahali pakaachiwa maduka na watalii. Jina la bustani lipo, kabichi hazipo.

Katika mitaa ya matajiri, neno shamba nalo limepungua kimo. Mtunza maua wa Karen au Loresho huitwa "shambaboi", hata akiwa na wajukuu. Shamba hapa ni nyasi za kukatwa kwa mashine. Na inawezekana kabisa kwamba anayeitwa hivyo ni mjukuu wa mtu aliyelima mahali hapohapo.

Neno ngwe limesafiri mbali zaidi. Asili yake ni kamba, kisha sehemu ya shamba aliyopimiwa mtu kuilima. Leo tunalisikia kwa watangazaji wa riadha wanaposema mwanariadha yuko katika ngwe ya mwisho. Wangapi kati ya wasikilizaji hujua kwamba ngwe ya mwisho ilikuwa ile ambayo mlimaji akiimaliza huruhusiwa kunyoosha mgongo?

Tofauti nyingine iko kati yetu na majirani. Mtanzania akitaka kutaja maeneo yaliyo nje ya miji husema "vijijini". Mkenya husema "mashambani". Kwa hivyo katika Kiswahili cha Kenya kila asiye wa mjini ni mtu wa shamba, hata kama ni fundi, bodaboda au mwalimu asiye na mche mmoja. Lugha yetu inaendelea kudhani kwamba nje ya lami kila mtu analima. Sera zinazoandikwa kwa dhana hiyo hukosa kuwaona watu wengi wanaoishi huko bila ardhi ya kulima.

Kwa nini tujali

Mtu anaweza kuuliza, haya yote yana faida gani leo? Faida ni kwamba mchakato huu haujaisha, umesogea tu. Kikuyu, Kabete, Ngong na Ruaka sasa ziko mahali Kawangware ilipokuwa miaka ya 1960. Matangazo ya "shamba linauzwa" hufuatwa na vipimo vya hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100, kipande kilicho chini kidogo ya thumuni ya eka. Hilo si shamba. Anayetangaza anajua, na anayenunua anajua. Neno linabaki kama pambo, na kwa pambo hilo mabadiliko makubwa ya matumizi ya ardhi hupita bila mjadala.

Wala si kweli kwamba mji na kilimo haviwezi kuishi pamoja. Riruta, Waithaka na Mutuini bado kuna ng'ombe wa maziwa, majani ya nepia na sukumawiki nyuma ya ploti, na kina mama wengi wanaolima kando ya mito na barabara. Kwa miongo mingi askari wa baraza la jiji waliwafukuza. Mnamo 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini, jambo linaloonyesha kwamba jiji limeanza kukubali kuwa kiunga, kwa maana yake ya kwanza, hakikufa chote.

Kwa hivyo, mwalimu anapompa mwanafunzi wa Dagoretti insha kuhusu vijana kutoroka mashamba, ni vyema pia amwagize akaulize nyumbani: hapa tunapokaa palilimwa nini, na nani, na alikoma lini, na kwa sababu gani? Majibu yatatofautiana. Wapo waliouza kwa hiari wakasomesha watoto, na hawajuti. Wapo walionyang'anywa. Wapo waliogawana hadi ardhi ikawa ndogo kuliko jembe. Kuwatia wote katika kapu moja la uvivu ni kuwadhulumu mara ya pili.

Na yule kijana anayengoja kazi ya mjengo asubuhi karibu na steji ya Kawangware, au mama anayetoka huko kwenda kufua nguo Lavington, aambiwapo arudi shambani, ana haki ya kuuliza ni lipi. Huenda amesimama juu yake.